Kusoma na Kuhakiki Riwaya za Vijana za Upelelezi na Mapenzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa vijana wa sekondari na vyuo hapa Mwanza, kwa wazazi wao, kwa walimu wachache na kwa waandishi wanaoanza. Nimeyapanga jinsi yanavyonijia mara nyingi. Pale watu wanapokwama sana nimejibu kwa urefu.

Riwaya ya vijana ni ipi hasa?

Ni riwaya ambayo mhusika wake mkuu ana umri wa miaka 12 hadi 18 hivi, na mambo yanaonekana kwa macho yake. Umri peke yake hautoshi. Ziko hadithi nyingi zenye kijana ndani, lakini anayesimulia ni mtu mzima aliyekaa pembeni akimnyooshea kidole. Katika riwaya ya vijana yenyewe hasa, kijana ndiye anayeamua, anayekosea na anayebeba matokeo. Wazazi na walimu wapo, ila hawaji kumtatulia jambo lake kwenye sura ya mwisho.

S. E. Hinton wa Marekani alianza kuandika The Outsiders akiwa na miaka 15, na kitabu kikatoka 1967 akiwa na miaka 18. Ukiwa kidato cha tatu na unajiuliza kama una lolote la kusema kuhusu vitabu, mkumbuke yeye.

Kwa nini unaweka upelelezi na mapenzi pamoja? Si mambo mawili tofauti?

Dukani yanakaa rafu tofauti. Ukisoma kwa makini utaona yote mawili yanaendeshwa na swali moja: nani anajua nini, na amelijua lini? Kwenye upelelezi mhalifu anajua, mwandishi anajua, msomaji anawakimbiza kwa nyuma. Kwenye mapenzi mara nyingi inakuwa kinyume. Msomaji ameshajua tangu ukurasa wa 20 kwamba hawa wawili wanapendana; wenyewe ndio hawajajua, au wanajua na wanaogopa kutamka. Kwenye upelelezi taharuki inatokana na kutojua, kwenye mapenzi inatokana na kujua na kulazimika kusubiri.

Kijana akishaliona hili, anaacha kuniambia tu "nimekipenda" au "sijakipenda". Anaanza kuuliza mwandishi amemficha nini, na kwa nini amemfunulia hapa na si sura mbili nyuma. Na riwaya nyingi za vijana siku hizi zinabeba vyote viwili. Msichana anatafuta rafiki yake aliyepotea, kijana wa darasa la juu anajitolea kumsaidia, na msichana hajui kama huyu anampenda au anamchunguza. Hapo huwezi kuhakiki kimoja ukakiacha kingine.

Vitabu vya namna hii vipo kwa Kiswahili?

Upelelezi upo, tena wa siku nyingi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, akaendelea katika riwaya nyingine kadhaa. Miaka ya 1970 Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, kisha Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Waulize baba zenu na wajomba zenu, wengi watayataja majina hayo wakitabasamu.

Lakini hao wote ni watu wazima wenye kazi zao, na baadhi ya kurasa zao zimeandikwa kwa ajili ya watu wazima. Kijana wa miaka 15 anayechunguza jambo mtaani kwake, kwa Kiswahili, bado ni adimu. Linaniuma, maana wasomaji wapo. Ndiyo sababu vijana wengi ninaowajua wanasoma upelelezi wa vijana kwa Kiingereza, hata wale ambao Kiingereza kinawapa shida.

Upande wa wasichana na mapenzi tuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Rosa ni binti wa Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, baadaye kikarudi na kufundishwa. Ni kizito. Mimi nawapa walio kidato cha nne kwenda juu, na naomba wakimaliza tukae tuzungumze. Mwisho wake siutaji hapa.

Wazee wanasema hadithi za mapenzi ni mambo ya Kizungu. Nijibuje?

Kwa heshima, mwambie mzee habari za Aniceti Kitereza. Alikuwa Mkerewe, akaandika riwaya yake kwa Kikerewe na kuimaliza 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni mume na mke ambao hawajajaliwa mtoto, na ndugu wa kila upande wanawavuta waachane. Myombekere anamfuata mke wake ukweni. Mapenzi yao yamo ndani ya kulima, kupika, kuugua na kutembeleana, na hakuna mtu wa Ulaya aliyewafundisha. Si riwaya ya vijana, na ni ndefu mno kwa anayeanza, lakini hoja ya mzee inajibika kwayo.

Sijawahi kumaliza kitabu kizima. Nianzie wapi?

Anza na upelelezi mfupi, wenye sura fupi. Swali la "nani kafanya" litakuvuta hata siku ambayo umechoka. Soma mahali pamoja, saa ileile, simu ikiwa mbali. Kitabu kikikushinda baada ya sura nne, kirudishe, chukua kingine. Hakuna anayekupa alama.

Mapitio yanatofautianaje na uchambuzi wa fasihi tunaofanya darasani?

Swali hili linanijia kuliko yote, na nafikiri ndilo linalowafunga vijana wengi mikono. Darasani mmezoea fani na maudhui: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha upande mmoja, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo upande mwingine. Mtahiniwa anajibu akijua kwamba anayesahihisha ameshasoma kitabu. Kwa hiyo anaruhusiwa kusema kila kitu, hata nani alikufa na nani alimuua.

Msomaji wa mapitio yako hajakisoma kitabu. Anataka kujua mambo machache tu: kinahusu nini, kinasomekaje, kilikufanya nini, na je, atumie hela yake na jioni zake kwacho? Ukimwandikia "mwandishi ametumia muundo wa moja kwa moja na nafsi ya tatu, na amefanikiwa kwa kiasi kikubwa katika fani na maudhui," hujamwambia kitu. Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote kilichowahi kuandikwa.

Haina maana uvitupe vifaa vya darasani. Vitumie kimyakimya. Badala ya kuandika kwamba mandhari imechorwa vizuri, mwonyeshe msomaji pale ilipochorwa: mhusika anashuka daladala Buzuruga, jasho la mgongoni halijakauka, mvua inaanza, na wale wenye meza za biashara wanakimbilia maturubai kabla yeye hajauliza njia. Badala ya kuandika kwamba mhusika mkuu ni jasiri, taja kitu kimoja alichofanya huku akiogopa. Badala ya kutaja dhamira, sema swali ambalo kitabu kilikuachia usiku ule ulipozima taa.

Ninachowasisitizia vijana ni kwamba kila unachodai kuhusu kitabu uwe na ukurasa wa kukionyesha. Huwezi kusema "kinachosha" bila kuonyesha ni wapi kilikuchosha. Huwezi kusema "kinagusa moyo" bila kumwambia msomaji ni pale gani. Kitabu cha upelelezi kinatufundisha kudai ushahidi kabla ya kumtia mtu hatiani, na mhakiki wake naye adaiwe vivyo hivyo.

Nitaandikaje kuhusu upelelezi bila kumwaga mchele?

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Nakala moja ya riwaya nzuri inapita mikononi mwa watu wengi: darasa zima, bweni zima, halafu binamu wa Sengerema, halafu anayerudi nayo Ukerewe likizoni. Ukifichua siri ya kitabu kile, umewaharibia wote walio kwenye foleni, na hawana nakala nyingine ya kukimbilia.

Mimi nafuata utaratibu huu. Mambo yanayotokea katika robo ya kwanza ya kitabu nayataja kwa uhuru, kwa kuwa msomaji anayakuta mapema na mara nyingi yameandikwa nyuma ya jalada. Baada ya hapo nazungumzia hali, hofu, kasi na lugha, bila kutaja tukio. Theluthi ya mwisho siigusi kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Neema yuko kidato cha tatu Igoma. Rafiki yake Sele amepotea, na simu ya Sele inaonekana ndani ya gunia la dagaa mwaloni Kirumba. Mapitio mabaya yatasema: "Neema anagundua kwamba mjomba aliyekuwa akimpa nauli ndiye aliyemficha Sele." Kitabu kimekwisha hapo. Mapitio mazuri yatasema: "Simu inapatikana ukurasa wa 12, na kuanzia hapo kila mtu anayempenda Neema ana sababu ya kuitaka." Umemwambia msomaji aina ya hofu itakayomkuta, na hujamgusa mjomba.

Halafu kuna uvujishaji wa chinichini ambao watu hawautambui. Ukiandika "mwisho utakushangaza sana," msomaji ataanza kumshuku kila mtu mpole tangu ukurasa wa kwanza. Ukiandika "mhalifu ni mtu ambaye huwezi kumdhania," umeshamwondolea watu watatu wa kudhaniwa. Ukimsifu mhusika mdogo kupita nafasi yake hadithini, msomaji mjanja ataelewa. Hata kwenye mapenzi, ukisema "nililia ukurasa wa mwisho," umeshasema hawakuoana.

Kama una hoja kuhusu mwisho na huwezi kuiacha, iandike kwenye karatasi ya pili, juu yake uandike kwa herufi kubwa kwamba ni kwa waliokwisha kusoma. Hayo ndiyo mazungumzo matamu zaidi, na yanastahili mahali pake.

Nitajuaje kama mwandishi wa upelelezi amecheza haki?

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi za upelelezi, aliandika amri kumi za aina hii. Mhalifu atajwe mapema katika hadithi. Mpelelezi asiokolewe na bahati tu wala na hisia asizoweza kuzieleza. Dalili anayoiona yeye, msomaji naye aonyeshwe. Baadhi ya amri zake zimepitwa na wakati, na waandishi wakubwa wamezivunja kwa ustadi, ila hizo tatu bado nazitumia kupimia.

Njia ya kupima ni rahisi. Ukimaliza kitabu, rudi sura tatu za kwanza. Soma tena kila mahali mhalifu alipotokea. Kama mwandishi amecheza haki, utakuta vitu vilikuwa wazi mbele yako na ulivipita: sentensi aliyoikatisha, mlango aliojua umefungwa kabla hajaambiwa. Utajisikia umezidiwa kete kwa halali. Kama hukuti kitu, na mhalifu ameletwa kutoka hewani sura ya mwisho, una haki ya kulalamika, na una kurasa za kuonyesha.

Andika unavyoshuku wakati unasoma, kwa penseli, kwenye karatasi yako. Usiandike kwenye kitabu chenyewe, maana anayekuja baada yako atasoma jina ulilolizungushia duara.

Kuna jambo ambalo mhakiki wa huku ziwani ana nguvu nalo kuliko mhakiki wa mahali pengine. Tuseme mtuhumiwa katika riwaya anajitetea kwamba usiku wa tukio alikuwa ziwani akivua dagaa, na sura mbili nyuma mwandishi amesema mbalamwezi ilikuwa imejaa, watoto wanacheza nje kama mchana. Msomaji wa Kirumba au Igombe ameshashtuka. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Taa ndiyo inayowavuta. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haifui dafu, na wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu na kukarabati mitumbwi. Basi ama mtuhumiwa anadanganya na mwandishi amekuwekea dalili nzuri sana, ama mwandishi hajui uvuvi. Ni kazi yako kusema ni ipi kati ya hizo mbili. Ikiwa ni ya kwanza, msifu mwandishi bila kutaja ni usiku gani. Ikiwa ni ya pili, sema waziwazi, kwa sababu utetezi wote wa mtuhumiwa umesimama juu ya usiku ule.

Vivyo hivyo na mambo madogo. Mzee wa Kisukuma anayeamkia watu "mwangaluka" jua likizama amekosewa na mwandishi, maana hiyo ni salamu ya asubuhi. Mhusika anayevuka Kigongo hadi Busisi kwa kivuko katika hadithi ya mwishoni mwa 2025 amesahau kwamba daraja lilifunguliwa Juni mwaka huo. Mwandishi makini angetumia kosa la namna hiyo kumnasa mwongo.

Na mapenzi je? Mhakiki aangalie nini?

Kwanza aangalie kama wapenzi wana jambo lingine la kufanya maishani zaidi ya kupendana. Msichana ambaye kabla ya kukutana na kijana alikuwa na ndoto, rafiki na ugomvi na dada yake, na baada ya kukutana naye vyote vinapotea, ameandikwa kwa uvivu. Pili, aangalie mazungumzo. Wawili wanaopendana wanatania, wanakatizana, wananyamaza vibaya. Wakianza kuhutubiana, weka alama.

Tatu ni jambo ambalo siwezi kulipita haraka. Angalia kitabu kinaita nini mapenzi. Kijana anayepekua simu ya msichana, anayemkataza kuongea na wenzake, anayemsubiri nje ya geti bila kuambiwa aje: je, mwandishi anataka tumwonee raha au tumwogope? Mwandishi ana ruhusa kamili ya kumweka mtu wa namna hiyo hadithini, tena ni vizuri amweke, kwa sababu wapo. Mhakiki anauliza kama kitabu kinajua kimemweka mtu wa namna gani.

Na pale mtu mzima anapomfuata mwanafunzi, mhakiki asinyamaze. Vijana wetu wanaijua hali hii kabla ya kuisoma: lifti ya bodaboda asubuhi unapochelewa, chipsi jioni, vocha ya simu, halafu deni lisilotajwa kwa sauti. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Riwaya inayolipamba jambo hilo kwa maua na machweo ya Capri Point inahitaji mhakiki wa kusema ilivyo. Riwaya inayolionyesha kutoka ndani, ikamwacha msomaji aelewe jinsi msichana mwenye akili alivyofikishwa pale hatua kwa hatua, inahitaji mhakiki wa kuitetea mbele ya wanaotaka iondolewe kwenye kabati la shule. Vitabu hivi viwili vinaweza kuwa na tukio lilelile. Kuvitofautisha ni kazi ya msomaji makini, na vijana wanaiweza. Nimewasikia wakiifanya vizuri kuliko watu wazima.

Mimi ni mzazi. Vitabu vya mapenzi havitamharibu mwanangu?

Mzazi, wasiwasi wako naupokea. Nakuomba usome sura mbili za kwanza za kitabu anachosoma kabla hujakichukua. Kisha muulize, bila ukali, anamwonaje huyo mhusika. Mtoto ambaye haongei kabisa kuhusu mapenzi yake mwenyewe anaweza kuongea saa nzima kuhusu mapenzi ya mhusika, na humo utasikia mengi unayotaka kuyajua.

Kwa upande wetu tunaosoma na kuhakiki pamoja na vijana, kila mapitio yanayoandikwa na vijana tunataka yataje mambo ya kuangaliwa: kama kuna ukatili, kifo, ulevi, au mambo ya kimwili, na kwa umri gani kinafaa. Hilo linataja aina ya mambo, halitaji nani wala lini, kwa hiyo siri ya kitabu inabaki salama.

Wavulana wanasoma riwaya za mapenzi?

Wanasoma. Baadhi wanafunika jalada kwa gazeti. Wakishaandika mapitio yao tunayasoma kwa sauti kama ya wengine, na hakuna anayecheka.

Kitabu ni kibaya kweli. Niseme?

Sema. Mapitio ya sifa tupu hayamsaidii msomaji mwenye hela ya kitabu kimoja, wala hayamsaidii mwandishi. Ila hakiki ukurasa, usimhakiki mtu. Usiguse kabila lake, dini yake, sura yake wala maisha yake. Tofautisha makosa ya mwandishi na ya mchapishaji: karatasi zinazochomoka, herufi zilizokosewa na kurasa zilizorudiwa ni mambo ya kutaja, lakini hayahusiani na ubora wa hadithi.

Tafuta pia kitu kimoja ambacho kitabu kimekifanya vizuri. Hata riwaya dhaifu huwa ina bibi mmoja anayeongea kama bibi wa kweli, au njia moja ya mtaani iliyoelezwa sawasawa. Ukimwonyesha mwandishi pale alipofaulu, anajua aende upande gani. Waandishi wetu wa vijana ni wachache, na wengi wanachapa kwa fedha yao wenyewe. Ukweli wanauhitaji, na wanahitaji pia uletwe na mtu aliyesoma hadi mwisho.

Mwandishi amenipa nakala bure. Bado naweza kuhakiki?

Ndiyo, mradi useme mwanzoni kwamba umepewa. Ikiwa ni ndugu yako au mwalimu wako, mwachie mwingine.

Niweke nyota ngapi?

Mimi siweki. Ukipenda kuweka, weka, lakini aya zako ziwe zimeshasema kila kitu kabla ya nyota.

Mapitio yawe marefu kiasi gani?

Maneno 300 hadi 500 yanatosha. Aya ya kwanza ibebe jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, na jambo moja litakalomfanya mtu aendelee kusoma. Muhtasari usizidi theluthi ya maandishi yako. Anayeandika muhtasari mrefu mara nyingi anakwepa kutoa maoni.

Naweza kuandika kwa Kiswahili kuhusu kitabu cha Kiingereza?

Unaweza, na natamani wengi zaidi wafanye hivyo, kwa sababu mdogo wako atakayesoma mapitio yako huenda hajafika kiwango cha kukisoma kitabu chenyewe. Ukinukuu, tafsiri mwenyewe na useme tafsiri ni yako. Majina ya watu na miji yabaki yalivyo. Kuwa mwangalifu na saa: tukio la "8 p.m." kwa hesabu ya Kiingereza kwetu ni saa 2 usiku, na kwenye upelelezi kosa la saa moja tu linatosha kumtia hatiani asiyehusika.

Naruhusiwa kusoma mwisho kwanza?

Ukisoma kwa raha zako, ni juu yako. Ukisoma ili uhakiki, hapana, kwa sababu utapoteza kitu pekee usichoweza kukirudia, yaani jinsi kitabu kilivyomshika mtu asiyejua. Mara ya pili anzia popote.

Vitabu napata wapi Mwanza?

Anza na Maktaba ya Mkoa. Uliza habari za uanachama na usiogope kumwambia mkutubi unatafuta upelelezi. Wakutubi wanafurahi kuulizwa. Pitia wauza vitabu vya mtumba mjini, wale wanaotandaza, na uende mapema kabla waliokutangulia hawajachagua. Kwenye rundo la vitabu vya kiada huwa kunajificha riwaya. Kabati la shule yako lina vitabu ambavyo havijafunguliwa muda mrefu. Omba ruhusa, jitolee kuvipanga. Halafu badilishaneni. Anayeishi Nansio na anayeishi Nyegezi wanaweza kupeana vitabu kila likizo, na safari ya meli ni ndefu ya kutosha kusoma sura kadhaa njiani.

Kuna mtu anatuma riwaya nzima kwenye kundi la WhatsApp. Nisome?

Kama mwandishi mwenyewe ameiachia, soma na umshukuru. Waandishi wengi wa Kiswahili wanaandika hadithi zao simuni sehemu kwa sehemu, na hizo nazo zinastahili mapitio. Kama ni kitabu kinachouzwa, kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, huo ni ukiukaji wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Nimeshaeleza juu jinsi riwaya za vijana kwa Kiswahili zilivyo adimu. Mwandishi asipopata hata fedha ya kuchapa tena, cha pili hakitakuja.

Nataka kuandika riwaya yangu, iwe Mwanza. Una ushauri?

Tafadhali iandike. Jiwe la Bismarck limeshapigwa picha na kila mgeni, kwa hiyo tupeleke kwingine: ngazi za mawe za Mabatini usiku umeme ukikatika, foleni ya maji, mwalo alfajiri mitumbwi inaporudi na wanunuzi wanapiga kelele za bei. Mji uliojengwa juu ya miamba una njia zisizoonekana kutoka barabarani, na mwandishi wa upelelezi hahitaji zaidi ya hapo kuanza. Amua mhalifu ni nani kabla hujaandika sura ya kwanza. Mpe mpelelezi wako muda wa shule na kazi za nyumbani, maana msichana wa kidato cha pili hawezi kuzurura mjini saa 4 usiku bila mtu kumuuliza, na kumkwepa huyo anayeuliza ni nusu ya hadithi. Ukimaliza mswada, uangalie pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Soma masharti yake ya mwaka husika kabla ya kutuma.

Nimemaliza kitabu na sijui kama nimekipenda. Niandike?

Andika, tena upesi, kabla ya kuanza kingine. Taja kurasa mbili: moja uliyoirudia kuisoma na moja uliyotaka kuiruka. Eleza kila moja ina nini. Mara nyingi ukifika aya ya tatu utakuwa umeshajua. Ikiwa bado hujui, mpe kitabu mwenzako bila kumwambia lolote, msubiri amalize, kisha kaeni na karatasi zenu mbili mlinganishe kurasa mlizochagua.